Ndovu wa Tsavo Katika Kumbi za New York

Katika mwaka wa 1977, mjini New York, palifunguliwa maonyesho katika jumba liitwalo Kituo cha Kimataifa cha Upigaji Picha. Mtu aliyeingia humo alikabiliwa na picha za ndovu waliokufa. Nyingi zilikuwa zimepigwa kutoka katika ndege, na ukitazama kutoka juu hivyo, mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu huonekana kama kitu kidogo kilichotupwa, ngozi imekauka juu ya mifupa na pembe bado zipo mahali pake. Pamoja na picha hizo paliwekwa sehemu za mizoga yenyewe, wanyama waliokaushwa wakajazwa, vyombo vya Kiafrika, vitabu, na shajara zilizoungua moto. Nyika iliyowatoa ndovu wale ni Tsavo, na mji ulio mlangoni mwa nyika hiyo ni Voi. Sidhani kama wengi kati ya waliotazama picha zile wangeweza kuuonyesha mji huo katika ramani.

Mwenye maonyesho alikuwa Peter Beard, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1938. Wengi humjua kwa upigaji picha tu, lakini mwaka 1963 alikuwa pia mwigizaji, mmoja wa wakuu katika filamu iitwayo Hallelujah the Hills, iliyoongozwa na Adolfas Mekas. Hata hivyo, mwigizaji ambaye jina lake limefungamana zaidi na la Beard ni mwanamke wa Mogadishu aliyekuwa akisoma Nairobi, Iman Abdulmajid. Historia ya maonyesho yale ni historia ya watu walioshirikiana naye katika kutengeneza picha: Iman, mchoraji Francis Bacon wa London, wachoraji wa Kenya, na Waata wa nyika yetu. Wote walitoa kitu. Swali litakalotuongoza ni hili: katika ushirika wa namna hii, ni nani aliyepata nafasi ya kusema habari zake kwa kinywa chake mwenyewe?

Ili tuzielewe picha, yatupasa kwanza tuielewe nchi. Mbuga ya Tsavo iliundwa tarehe 1 Aprili 1948, ikagawanywa sehemu mbili, ya mashariki na ya magharibi. Zote mbili kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000, nazo zimechukua zaidi ya nusu ya eneo la Taita Taveta. Katika picha zilizopigwa angani nchi hiyo huonekana tupu, kana kwamba haijapata kukaliwa na mtu, lakini jambo hilo si kweli. Wadawida na Wasagalla walikuwa na njia zao za biashara na mahali pao pa kuwinda katika nyika hiyo. Wakasigau waliondolewa kwa nguvu na Waingereza mwaka 1915, wakati wa vita na Wajerumani, wakapelekwa mbali hadi upande wa Malindi, na wengi wao walikufa huko.

Tena walikuwako Waata, ambao vitabu vya Kiingereza huwaita Waliangulu na watu wa pwani huwaita Wasanye. Hao walikuwa wawindaji wa ndovu hasa. Upinde wao ulikuwa mgumu kupita kiasi. Mtu mwenye nguvu asiyeuzoea hakuweza kuuvuta hata nusu. Mshale wake ulipakwa sumu iliyopikwa kwa mti wa porini, nao ulimwangusha ndovu mara nyingi kabla hajaenda mbali. Waata walikula nyama yake, na pembe zilikwenda pwani kwa wafanyabiashara. Mbuga ilipowekwa, kazi iliyokuwa ya baba na babu ikageuka kosa la jinai kwa siku moja. Katika miaka ya 1956 na 1957, David Sheldrick, aliyekuwa mkuu wa Tsavo Mashariki tangu mwaka 1948, aliongoza kampeni kali ya kuwakamata, na wengi wao walifungwa. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango kando ya mto Galana ili Waata wawinde kwa ruhusa ya serikali, lakini mpango huo haukuwarudishia maisha yao ya kale. Mmoja wa Waata, Galo-Galo Guyo, alikuja kuwa mfuasi wa nyayo na mwenzake Beard wa safari kwa miaka mingi.

Baada ya wawindaji kuondoka, ndovu waliongezeka. Wako wataalamu waliosema kwamba mambo haya mawili yalihusiana. Wengine walisema kwamba ndovu walikuja kutoka nje, wakikimbia mashamba na bunduki. Yawezekana kwamba wote walikuwa na sehemu ya ukweli. Ilivyokuwa ni kwamba kufikia miaka ya 1960 nyika iliyokuwa msitu wa miti ya miiba ilikuwa ikigeuka kuwa uwanda wa nyasi, kwa sababu ndovu waliibandua miti magome na kuiangusha. Hapo ukatokea ubishi mkubwa. Mwanasayansi Richard Laws alishauri kwamba maelfu ya ndovu wauawe ili idadi yao ichunguzwe na kupunguzwa kabla hawajaimaliza nchi. Sheldrick alikataa. Yeye aliona kwamba nchi yenyewe ina mzunguko wake, kwamba miti itaondoka, nyasi zitakuja pamoja na punda milia na choroa, kisha miti itarudi, na mwanadamu asiingize mkono wake. Laws aliondoka mwaka 1968.

Mvua zikakosekana. Katika ukame wa miaka ya 1970 na 1971 ndovu wasiopungua 6,000 walikufa, na wako wanaoipandisha hesabu hiyo hadi 9,000. Mwanafunzi aweza kudhani kwamba walikufa kwa kiu, lakini sivyo. Mito ya Galana na Athi ilikuwa na maji. Walikufa kwa njaa. Ndovu mzima hula zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku moja. Karibu na maji kila kitu kilikuwa kimeliwa, na mahali palipobaki chakula palikuwa mbali. Ndovu dume aliweza kwenda mbali na kurudi kunywa; lakini jike mwenye mtoto hakuweza, maana mtoto hawezi kutembea mwendo huo bila maji, na mama hamwachi mwanawe. Kwa hiyo waliokufa zaidi walikuwa majike na watoto, na mizoga yao ililala kwa wingi kando ya mito.

Hizo ndizo picha alizozipiga Beard. Alikuwa ameijua Tsavo tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na mwaka 1965 alitoa kitabu chake cha kwanza, The End of the Game. Jina hilo lina maana mbili kwa Kiingereza: mwisho wa wanyama wawindwao, na mwisho wa mchezo. Kitabu hicho kilitolewa upya mwaka 1977, mwaka ule ule wa maonyesho, na safari hii mizoga ya Tsavo ilijaa kurasa zake. Beard alikuwa upande wa Laws. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanadamu amewabana ndovu katika eneo moja, akakataa kuwapunguza, kisha akajidai kushangaa walipokufa. Sheldrick alifariki mwaka huo huo wa 1977, na hakuwa na ukumbi mjini New York wa kutoa jibu lake.

Namna ya kazi ya Beard yastahili kuelezwa, kwa kuwa haikuwa ya mpiga picha wa kawaida. Aliweka shajara kubwa, na katika kila ukurasa alibandika picha, vipande vya magazeti, manyoya ya ndege, mawe madogo na majani makavu, akaandika kwa wino pembezoni, na pengine akapaka damu. Shajara nyingi ziliungua nyumba yake ya Montauk iliposhika moto mwaka 1977, na badala ya kuzitupa alizipeleka katika maonyesho kama zilivyo. Karibu na Ngong, jirani na shamba lililokuwa la Karen Blixen, alikuwa na kambi ya mahema iliyoitwa Hog Ranch. Huko wachoraji wa Kenya walichora kwa rangi katika kingo za picha zake: ndege, mamba, watu wa kijijini na magari. Mtu akizitazama picha hizo vizuri ataona kwamba mara nyingi uchangamfu wote umo katika kingo. Lakini jina lililotangazwa katika kumbi za Ulaya na Marekani lilikuwa moja.

Kwa Kamante Gatura alitenda vizuri zaidi. Kamante, aliyekuwa mpishi wa Blixen, alisimulia hadithi zake na kuchora michoro, na mwaka 1975 kikatoka kitabu chenye jina lake katika kichwa. Huo ni ushirika unaoweza kuitwa kwa jina hilo. Naye Francis Bacon, mmoja wa wachoraji wakuu wa Uingereza katika karne ya 20, alivutiwa mno na picha za ndovu wa Tsavo. Mwaka 1972 yeye na Beard walifanya mazungumzo marefu yaliyopewa jina la ndovu waliokufa, na katikati ya miaka ya 1970 Bacon alichora uso wa Beard mara kadhaa. Basi fikiri safari ya ndovu jike wa mto Galana: amekufa kwa njaa pamoja na mwanawe, na miaka michache baadaye mzoga wake unazungumzwa na mchoraji mashuhuri mjini London.

Ni lazima pia kusema kwamba Beard hakuwa mtu mpole kwa wote. Mwaka 1969 mahakama ya Nairobi ilimhukumu kifungo kwa kumtesa mtu aliyemkuta ametega mitego ya wanyama katika shamba lake, ingawa alikaa gerezani muda mfupi tu. Alimpenda mnyama aliyenaswa. Lakini mtu aliyetega mtego kwa ajili ya kitoweo alimwona kuwa adui. Msimamo huo ulikuwa wa wengi katika zama zile, nao umeacha kovu katika vijiji vinavyopakana na mbuga hata leo.

Sasa tumfikie Iman. Alizaliwa Mogadishu mwaka 1955, baba yake akiwa balozi, akasoma shule huko Misri, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1969 nchini Somalia jamaa yake ilihamia Kenya. Mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi wa elimu ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, naye alijua lugha tano. Siku moja Beard alimwona barabarani mjini Nairobi, akamwomba ampige picha. Iman hakuduwaa. Alitaka alipwe, na malipo aliyoyataja yalikuwa karo yake ya chuo kikuu. Beard akakubali.

Picha zile zikafika New York, na mwaka huo huo Iman mwenyewe akafika. Waandishi wa magazeti walikuwa wamekwisha kupewa hadithi: kwamba Beard amemgundua mchunga mifugo katika jangwa, msichana asiyejua neno la Kiingereza. Hadithi hiyo ilipendwa sana. Iliuza picha, na iliuza magazeti. Hakuna aliyeuliza inakuwaje mtoto wa balozi awe anachunga mbuzi nyikani. Iman aliwajibu waandishi kwa Kiingereza safi, na haukupita muda mrefu kabla ukweli haujajulikana. Tangu hapo amesimulia mwenyewe, mara nyingi na bila kuficha, jinsi hadithi ile ilivyokuwa ya kutungwa. Hata hivyo hakuvunja urafiki, na waliendelea kufanya kazi pamoja miaka mingi baadaye.

Jambo hili ndilo kiini cha insha hii, na ningependa msomaji alitazame kwa utulivu. Beard hakuwa mwongo katika picha za ndovu. Mizoga ilikuwapo, njaa ilikuwapo. Kwa Iman picha nazo zilikuwa za kweli, maana sura ile ni yake. Kilichokuwa cha uongo ni maneno yaliyowekwa kando ya picha. Iman aliweza kuyafuta maneno hayo kwa sababu alikuwa na elimu, alikuwa na lugha, na alikuwa amesimama pale pale mbele ya waliokuwa wakidanganywa. Mwaata aliyefungwa mwaka 1957 hakuwa na nafasi hiyo, wala mkulima wa Sagalla ambaye ndovu wale wale wa kusikitisha walikuwa wamemlia mahindi yake. Picha ya mzoga ikiwa imetundikwa ukutani bila mtu wa nchi ile kuwapo, mwenye ukumbi aweza kuandika chini yake lolote apendalo.

Iman akageuka mwigizaji. Mwaka 1979 alicheza katika filamu The Human Factor ya Otto Preminger. Mwaka 1985 akarudi Kenya katika Out of Africa, akiwa Mariammo, mwanamke wa Kisomali. Sehemu yenyewe ni fupi, na maneno yake ni machache mno kwa mtu wa lugha tano. Lakini mwaka 1992, njaa na vita vilipoitafuna Somalia, alikwenda huko na wapiga picha wa BBC, akatengeneza nao filamu ya habari kuhusu watu wake. Katika njaa ya Tsavo alisimama mpiga picha mgeni juu ya mizoga. Katika njaa ya Somalia alisimama mwigizaji aliyezaliwa huko, akawauliza watu habari zao kwa lugha yao. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake iliyo bora kuliko filamu zote za Hollywood.

Kwa kuwa tumeitaja Out of Africa, wasomaji wa Voi wana haki ya kukumbushwa jambo. Denys Finch Hatton, ambaye katika filamu hiyo aliigizwa na Robert Redford, alikufa hapa. Tarehe 14 Mei 1931 ndege yake ndogo iliruka kutoka uwanja wa Voi ikaanguka mara moja na kuwaka moto. Alikuwa amekuja, mtu angeweza kukisia, kwa ajili ya ndovu: alitaka kujaribu kuwatafuta kutoka angani. Ndani ya ndege hiyo mlikuwa na mtumishi wake Mkikuyu, aliyekufa pamoja naye. Vitabu na filamu vimemfanya Finch Hatton ajulikane dunia nzima. Mwenzake hujulikana kwa jina moja tu, Kamau.

Wala ndovu si wanyama wa kwanza wa nchi yetu kusafiri hadi kumbi za Marekani. Simba wawili waliowala wajenzi wa reli kwenye daraja la Tsavo mwaka 1898 waliuzwa na J. H. Patterson mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, nao wako huko hadi leo nyuma ya kioo. Habari yao ilitengenezewa filamu Bwana Devil mwaka 1952, na The Ghost and the Darkness mwaka 1996, ambayo ilipigwa Afrika Kusini, mbali kabisa na Tsavo. Wahindi na Waafrika walioliwa wana nafasi ndogo katika filamu zote mbili.

Mwezi wa Septemba 1996 Beard alikanyagwa na ndovu jike karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Alivunjika nyonga, akafikishwa hospitali ya Nairobi akiwa karibu kufa, akapona. Mwaka huo huo yakafunguliwa maonyesho makubwa ya kazi zake mjini Paris. Alifariki mwaka 2020 huko Montauk.

Na ndovu je? Mwisho alioutabiri haukuja kwa njia aliyoitabiri. Ukame uliwapunguza, lakini majangili wenye bunduki wa miaka ya 1970 na 1980 waliwapunguza zaidi. Katika nchi yote ya Tsavo, palipokuwa na zaidi ya 35,000, walibaki takriban 6,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Miti ikarudi katika sehemu nyingi, kama Sheldrick alivyotumaini, ijapokuwa kwa gharama ambayo hakuna aliyeitaka. Katika hesabu ya mwaka 2021 walikuwa wamefika karibu 15,000. Kisha ukame mwingine ukaja, na kati ya Februari na Oktoba 2022 ndovu 205 walikufa nchini Kenya, Tsavo ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 hupita katikati ya mbuga juu ya tuta, na chini yake yameachwa mapito ya wanyama.

Tangu mwaka 2009, katika mashamba yaliyo chini ya mlima Sagalla, wakulima wamekuwa wakizungushia mashamba yao waya wenye mizinga ya nyuki. Ndovu akija usiku na kugusa waya, mizinga yote hutikisika, na nyuki hutoka; ndovu, pamoja na ukubwa wake, huogopa kuumwa ndani ya mkonga na kandokando ya macho. Aghalabu hugeuka akaenda zake. Kamera zilizofungwa mitini zimenasa picha zake gizani, akiwa amesimama masikio wazi mbele ya mizinga, na mkulima mwenye shamba ndiye anayeeleza picha ile ilipigwa usiku gani, ndovu alitokea upande upi, na mahindi kiasi gani yalibaki.